Mabawa Mawili ya Kushoto

Chumba kile kilikuwa changu. Naanzia hapo kwa sababu kila nikisimulia habari hii watu wanaikimbilia ndege, wanacheka, kisha wanaondoka na kicheko chao bila kujua mimi nilinyang'anywa nini.

Nimeshona barazani kwa miaka thelathini na mitatu. Kiangazi vumbi la barabarani linaingia kwenye cherehani mpaka inalia. Mvua zikianza, matone yanadunda sakafuni na kuchafua mapindo ya nguo za watu, nami nashona nusu, nusu nyingine ya siku nasogeza vitambaa. Nina cherehani mbili, kabati la nguo lisilofunga, na meza ya kukatia niliyoachiwa na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Meza hiyo ni ubao mnene, mrefu kuliko kitanda. Kwenye ncha yake ya kulia kuna alama alizozichonga shangazi kwa kisu, za kupimia mikono na kola, na mpaka leo nazitumia. Niliwahi kutangaza mbele ya familia nzima kwamba atakayeikwaruza meza ile nitamla nyama.

Watoto walipokuwa nyumbani sikudai kitu. Lakini mume wangu aliniahidi, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba binti yetu wa mwisho akiondoka, chumba chake kidogo, chenye dirisha linalotazama barazani, kitakuwa chumba changu cha kushonea. Kina mlango wa kufunga. Kina taa. Kina kuta za kutundikia nguo zilizokwisha. Kila mvua iliponyesha nilikuwa nasema kwa sauti, "Ngojeni tu, siku nitakapoingia chumbani kwangu," na yeye alikuwa ananyamaza. Nilidhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Sasa huyo mume. Mji mzima unamwita Gramu, na yeye hachukii. Alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Alianza kazi kijana wa miaka ishirini na sita, akibeba sanduku la mawe ya shaba ya kupimia lililomvuta bega moja chini mpaka likabaki hivyo, na akaifanya kazi hiyo hiyo miaka thelathini na minne. Alipita duka kwa duka na soko kwa soko. Alimkamata mwuza nyama aliyebandika sumaku chini ya sahani ya mizani. Alimkamata mwuza vitambaa ambaye mita yake ilipungua vidole viwili, na mwuza maziwa ambaye kopo lake la lita lilikuwa limebonyezwa tumboni kwa makusudi, kisha likapakwa rangi lisijulikane. Hakupokea hongo hata siku moja. Hilo nalisema hata nikiwa na hasira, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hongo moja ndogo ingetupatia baraza lenye ukuta.

Lakini kuishi na mtu kama huyo ni kazi nyingine. Siku moja alipita barazani akiwa na sanduku lake, akakuta nampima mteja. Akaomba futi yangu, akainyoosha juu ya rula yake ya chuma, akaona imevutika nusu sentimita. Akachukua mkasi wangu, akaikata futi vipande viwili mbele ya mteja. Nilipomuuliza kama ana akili timamu, akanijibu, "Saa za kazi mkaguzi hana mke." Wiki mbili sikumsemesha, naye alinunua futi mpya, akaipima, akaiweka juu ya cherehani bila neno.

Kila kitu alikipima na kila kipimo alikiandika. Ana madaftari meusi zaidi ya hamsini. Urefu wa watoto kwa milimita, uzito wa kuku kabla na baada ya kunyonyolewa, kina cha maji kwenye pipa. Kwake yeye kitu kikipimika sawa basi ni sawa, na mjadala umefungwa. Mtu anaweza kulia machozi mbele yake, yeye akatazama kama beseni la kuyakingia liko mlalo.

Na alikuwa na kichekesho kimoja tu cha maisha yake yote, na kichekesho chenyewe ni mimi. Nilipokuwa bado najifunza, tukiwa wachumba, nilimshonea shati. Nilikata mikono yote miwili nikiwa nimelaza karatasi upande mmoja, sikukunja kitambaa, sikugeuza. Ikatoka mikono miwili ya kushoto. Yeye akalivaa, akaenda nalo kupigwa picha ya kitambulisho cha kazi. Shangazi alipoiona ile picha alinikalisha mbele ya meza yake. Hakunipiga. Alisema, "Futi haijui upande, mwanangu. Upande unaujua wewe." Maneno hayo yameniingia kwenye mifupa. Tangu siku ile sijakosea, na nimeshona mikono isiyo na idadi. Lakini kwa Gramu mikono ni ile miwili tu. Kila mgeni akija, kila ndugu akikaa, "Huyu mnayemwona fundi, shati la kwanza alilonishonea nilikuwa nikitembea mkono mmoja unakwenda, mwingine unarudi." Watu wanacheka, mimi naleta chai. Mkuki kwa nguruwe.

Binti yetu alipata kazi mji mwingine akaondoka. Miezi miwili baadaye Gramu akastaafu. Ijumaa ofisi yake ilimpa saa ya ukutani na hotuba. Jumatatu nilikwenda kununua kitambaa cha pazia, cha dirisha la chumba changu. Nilirudi nimekikumbatia, nikamkuta amepiga magoti katikati ya chumba, ameweka ubao juu ya vigogo viwili, na juu ya ubao amebandika karatasi kubwa kama shuka, imejaa mistari.

"Nini hii?" nikamuuliza.

"Ndege."

"Ndege gani?"

"Ndege ndogo, lakini inaruka. Ina mota. Unaiongoza kwa redio, umesimama chini. Hii ndiyo ramani yake, niliiagiza kabla hatujaoana, nikaihifadhi. Mabawa yana mita moja na sentimita themanini, ncha kwa ncha."

"Na chumba?"

"Kwa muda tu, mama watoto. Miezi miwili."

Huyo ni mtu aliyewafikisha watu mahakamani kwa gramu hamsini. Miezi yake miwili ikawa tisa. Na siku ya tatu alipigilia karatasi mlangoni: KAZI INAENDELEA. BISHA HODI. Mlango wa chumba changu.

Nisimwonee. Najua ile ndege ilitoka wapi. Kila mwaka alikuwa akitumwa kiwanja cha ndege kukagua mizani ya mizigo. Miaka thelathini na minne amepima mabegi ya watu wanaokwenda kupanda, na yeye hajawahi kukanyaga hata ngazi ya ndege. Alikuwa akirudi jioni ananieleza ndege ngapi ziliondoka, na uzito wa kila moja. Kwa hiyo roho yangu ilikuwa na mahali laini kwa jambo hilo, ila mahali hapo hapakuwa chumbani kwangu.

Nilimtazama dirishani, kutoka kwenye cherehani. Fundi anamjua fundi, na nitasema kweli, mkono wake ulikuwa mzuri. Mbao zenyewe zilikuwa nyembamba na nyepesi, ukizishika hujui kama umeshika. Alizikata kwa wembe, akazisugua kwa msasa, akazipima, akaziandika. Bawa linajengwa juu ya ramani: unatandaza nailoni isishike gundi, unapanga mbavu moja moja, kila moja na pini zake, mbele unaweka kijiti kinene cha mviringo, nyuma unaweka kijiti chembamba kama ncha ya kisu. Tumbo la bawa linakuwa bapa, mgongo unatuna. Alilimaliza la kwanza mwezi wa pili wa kazi yake, akalitundika ukutani kwenye msumari, ukuta niliokusudia kutundika magauni.

Ramani ilionyesha bawa moja tu, la kushoto, na pembeni iliandikwa kwamba yanatakiwa mawili. Gramu akasoma mawili, akajenga mawili. Akalaza mbao zake juu ya ramani ile ile, upande ule ule, akajenga la pili juu ya mistari ya la kwanza. Nilimwona siku alipolitoa kwenye pini, mwezi wa tatu. Alilishusha la kwanza kutoka msumarini, akalilaza chini, akalilaza la pili juu yake, matumbo yote chini, migongo yote juu. Yakalingana. Hakuna unywele uliopita. Alisimama akiyatazama, mikono nyuma, ameridhika kabisa. Katika kazi yake nakala ni hiyo: jiwe la kilo la dukani lazima liwe sawasawa na jiwe la kilo la ofisini.

Nami mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Mwanafunzi wa siku tatu kwa fundi anajua kwamba mkono wa kulia na wa kushoto hailingani ikiwa imelazwa hivyo. Inalingana ukiitazamisha uso kwa uso, kama viganja. Ukiilaza yote miwili ikitazama juu na ikalingana, umekata kushoto mara mbili. Gramu, mkaguzi, mtu wa shati, alikuwa amejenga mabawa mawili ya kushoto.

Sikucheka. Mtaniuliza, na jibu ni hilo: mara ya kwanza sikucheka. Niliinuka, nikaenda mlangoni, nikabisha hodi kwenye chumba changu.

"Baba watoto, hilo bawa la pili..."

"Vipimo vyote sawa. Nimepima mara tatu."

"Sisemi vipimo. Nasema ukiliweka..."

"Mama watoto," akasema, kwa ile sauti ya kuwasemea wauza nyama, "mimi sijawahi kukufundisha kushona."

Akasukuma mlango. Hakuupiga kwa nguvu, aliusukuma taratibu mpaka ukafunga, na afadhali angeupiga.

Nilikaa na hasira hiyo wiki nzima. Kisha nikajisema, huyu ni mtu mzima amestaafu, ana ndoto moja, usimwache apotee. Asubuhi nikamwekea chai, nikaenda kabatini kuchukua kazi yangu huku nikipanga maneno ya kumwambia taratibu. Nilikuwa na koti la mwalimu mkuu wa shule, mama mkali ambaye hangoji. Nilinyoosha mkono kutoa bitana ya koti hilo, ya bluu, laini, niliyoitafuta maduka manne. Nikashika hewa. Nikageuka dirishani. Mabawa yote mawili yalikuwa yamevalishwa bitana yangu, imekazwa ikapakwa gundi.

"Nilikata mita mbili kamili," akasema alipoona uso wangu. "Nimeandika."

"Umeandika wapi?"

"Daftarini."

Kana kwamba kuandika daftarini kwake ndiko kuniomba mimi. Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Nilijiapia pale pale, mkono ungali kabatini, kwamba mtu huyu ataiona siku yake kwa macho yake, na mimi nitakuwepo, na sitasaidia.

Miezi sita nikakaa kimya. Kimya kile kilikuwa kazi kuliko kushona. Mvua zikaja, mvua mbaya. Sare kumi na tano za shule zilirukiwa na matope siku moja, nikazifua zote, nikazipiga pasi zote, nimesimama barazani miguu imelowa, na nyuma ya kioo mume wangu amekaa pakavu anapaka rangi mkia wa ndege. Aliniona. Aliinuka akafunga dirisha, maana unyevu unaharibu gundi.

Binti yetu alipopiga simu nilimweleza yote.

"Mama, si umwambie," akasema. "Baba atavunjika moyo."

"Wangu nani aliupima?"

"Ila mama, hiyo siyo haki."

"Haki mwulize baba yako. Ana mizani yake."

Ndege ikakua. Kiwiliwili kikaisha, mkia ukaisha, magurudumu yakapata ekseli. Rafiki yake, fundi redio wa mtaa wa pili, alikuja kufunga mota na vifaa vya redio ndani. Kila kipande Gramu alikikamilisha peke yake, akakifunga gazeti, akakitundika. Hakujaribisha hata kimoja kwa mwenzake. Kuunga, alisema, kutafanyika siku moja, mbele ya watu, kama alivyokuwa akizipiga muhuri mizani alizozikagua.

Siku hiyo ikawa Jumamosi, saa tisa alasiri. Binti yetu alikuja. Fundi redio alikuja. Wakaja pia wazee wawili waliokuwa wakaguzi wenzake Gramu. Kwa kuwa chumba hakingewatosha, Gramu aliniomba meza. Aliomba, safari hii. Nikaondoa vitambaa, nikaifuta, akaleta kiwiliwili akakilaza juu ya meza ya shangazi yangu, na yale mabawa yamefungwa kwenye shuka. Mimi nilikaa kwenye kiti changu cha cherehani, mahali pangu pa miaka thelathini na mitatu, nikiona vizuri kabisa.

Na kabla hajafungua shuka, hamkosi kujua alichofanya.

"Kazi ya vipimo haitaki haraka," akawaambia wageni. "Huyu fundi wangu hapa, shati la kwanza alilonishonea..."

Akalimaliza lote. Mkono mmoja unakwenda, mwingine unarudi. Wazee wakacheka, fundi redio akasema, "Pole shemeji." Kama nilibakiwa na chembe ya huruma, aliila yeye mwenyewe kwa kinywa chake.

Akachukua bawa la kwanza. Likaingia upande wa kushoto, vijiti vyake vya kuungia kwenye matundu ya kiwiliwili, likakaa imara. Wazee wakapiga makofi. Akachukua la pili, akalipeleka upande wa kulia. Mviringo ukatazama nyuma, ncha nyembamba ikatazama mbele. Akatabasamu, akaligeuza. Mviringo ukaja mbele, lakini sasa tumbo liko juu, mgongo uko chini. Akaligeuza tena. Akazunguka meza, akajaribu akiwa upande wa pili.

Gramu akatoa futi mfukoni. Akapima bawa la kwanza, akapima la pili, mbavu kwa mbavu.

"Vipimo viko sawa," akasema.

Fundi redio akakohoa. "Labda kiwiliwili ndicho kina tatizo, mzee."

Akapima kiwiliwili. "Vipimo viko sawa," akasema tena. Akapima mara ya tatu. Binti yangu alinitazama, jicho linanisihi, nami nilijua bado kuna nafasi ya kuinuka, kumshika mkono, kusema njoo kwanza ndani.

"Ni mikono miwili ya kushoto," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu alisikia. Mzee mmoja alianza kucheka, akashindwa kujizuia, na mwenzake akamfuata, na fundi redio akageukia ukuta mabega yakimruka. Miezi sita nilikingoja kicheko kile. Kilikuja chote, na Gramu akasimama katikati yake ameshika bawa lake la bluu kwa mikono miwili, ananitazama.

"Ulijua," akasema.

"Tangu mwezi wa tatu."

Akatikisa kichwa. Halafu akasema neno moja, polepole, si kwa wageni, kwangu tu: "Mimi lile shati nililivaa, mama watoto."

Wageni wakatafuta viatu vyao. Binti yetu akaingia ndani, akafunga mlango wa jikoni. Tulibaki sisi na ndege ya bawa moja.

Nilitarajia nitaona nimeshinda. Badala yake hasira ilipanda upya, maana hata katika siku yangu alikuwa amepata la kusema likanifunga mdomo. Kwa hiyo nilifungua lile nililoweka akiba. Chumba. Nikamweleza miaka, matope, sare kumi na tano, bitana, karatasi ya bisha hodi. Nikamwambia ahadi ni deni, na kwamba yeye aliyewashtaki watu kwa mita iliyopungua vidole viwili, mimi amenipunja chumba kizima.

Aliingia ndani, akatoka na daftari jeusi, la zamani, pembe zimeliwa na mende. Akafungua ukurasa, akaniwekea mezani. Tarehe ilikuwa ya miaka minane nyuma. Mwandiko wake ule ule ulionyooka:

*Meza ya mama watoto, sentimita 240. Chumba cha binti wa mwisho, 236 kwa 228. Haiingii. Nitamwambia mvua zikiisha.*

Nilisoma mara mbili.

"Mvua zipi?" nikamuuliza. "Miaka minane, mvua zipi hazijaisha?"

"Kila nikitaka kusema, inanyesha, nawe unakitaja chumba," akasema. "Unakitaja umefurahi. Ningesema nini? Sentimita nne. Nikaacha. Nilipostaafu nikajisema, kama yeye hawezi kukitumia, kikae bure?"

"Ningeikata meza."

Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Meza ya shangazi yako? Ulisema ungemla mtu nyama."

"Nilisema atakayeikwaruza. Sikusema kukata. Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia," akasema, na sasa ndiyo sauti ikampanda, mara ya kwanza nakumbuka. "Miezi sita unanitazama dirishani. Napaka rangi, unanitazama. Nawaalika watu, unanitazama."

"Nilikuja kukuambia ukanifungia mlango."

"Ungebisha tena."

"Kwenye chumba changu?"

Tulisimama pale tukipumua kama watu waliokimbizwa. Hasira yangu haikupungua hata kidogo. Mpaka leo haijaisha yote. Lakini mtu hawezi kukaa barazani na hasira miaka mingine thelathini na mitatu wakati kinachomzuia ni sentimita nne.

Nikaenda mpaka chumba kile. Sikubisha. Nikaung'oa msumeno wake ukutani, nikarudi, nikauweka juu ya meza karibu na daftari.

"Kesho nitaipaka ramani yako mafuta ya kupikia," nikamwambia. "Karatasi ikilowa mafuta mistari inaonekana upande wa nyuma. Utaigeuza, utajenga bawa la kulia. Leo kata."

Akashusha ndege chini, taratibu, akailaza juu ya gazeti. Akatoa futi na penseli. Akapiga goti mbele ya meza, akafumba jicho moja, akaitazama kama iko mlalo, desturi haina dawa.

"Nne?"

"Sita. Ipumue."

Akavuta futi, akaibana kwa kidole gumba, akainua penseli. Nilingoja nisikie risasi ya penseli ikigusa ubao, na haikugusa. Alikuwa amesimamisha mkono hewani. Alitazama ncha ya kushoto, palipounguzwa na pasi zamani, pana duara jeusi. Akatazama ncha ya kulia, penye alama za kisu za shangazi. Mtu huyu ameniambia urefu wa kila kitu kilichomo ndani ya nyumba ile, na sikumbuki hata siku moja aliyowahi kuniuliza lile aliloniuliza pale, akiwa amepiga goti, penseli juu.

"Upande gani?"

"Wa kushoto," nikamwambia, nikaikalia meza ili isicheze.